SPARCstation 5 ya marehemu baba haiwaki mpaka mwisho: nifanye nini?

“Shikamoo fundi. Marehemu baba alikuwa mpima ardhi hapa Tanga. Ofisi yao ilipohamia kompyuta za kawaida, vifaa vya zamani vilipigwa mnada kwa wafanyakazi, naye akanunua mashine aliyokuwa akiifanyia kazi: Sun SPARCstation 5, lile boksi bapa, pamoja na skrini yake nzito, kibodi na mausi isiyo na mpira chini. Imekaa stoo tangu mwaka 2006. Mwezi uliopita niliipangusa vumbi nikaiwasha. Feni ilizunguka, skrini ikaja nyeupe yenye maandishi meusi: The IDPROM contents are invalid. Baada ya hapo ikawa inarudia bila kuchoka: Timeout waiting for ARP/RARP packet. Fundi mmoja kaona picha, akasema ubao umeungua na diski imekufa, niuze chuma chakavu. Mwingine kasema ni virusi, nimpelekee apige fomati. Humo kwenye diski kuna ramani za mashamba ya vijiji alizochora baba kwa programu ya ARC/INFO, na mama hataki zipotee. Je, kweli imekufa? Na kama ni betri tu, nikiitoa, ramani zitafutika?”

Marahaba, na poleni sana kwa kuondokewa na mzee.

Nianze na lile linalokunyima usingizi. Kwa dalili ulizozieleza, mashine haijafa. Ubao ulioungua haukuandikii sentensi nzima kwenye skrini. Virusi pia viondoe kichwani, kwa sababu hapo ulipofika mashine ilikuwa bado haijasoma chochote kutoka kwenye diski. Na ramani hazimo kwenye hiyo betri, kwa hiyo kuitoa hakufuti hata mstari mmoja. Huyo anayetaka kupiga fomati, mshukuru kwa heshima na usimpe mashine. Kati ya yote uliyoshauriwa, hilo na lile la kuuza chuma chakavu ndiyo yangeweza kuwapotezea kazi ya mzee moja kwa moja.

Sasa nikueleze kinachotokea ndani, maana ukikielewa hutababaishwa na mtu.

SPARCstation 5 ilitoka mwaka 1994, enzi ambazo kampuni ya Sun Microsystems ya California ndiyo iliyokuwa ikitegemewa na wahandisi, wachora ramani na vyuo vikuu. Ndani, kwenye ubao mkuu, kuna chipu moja iliyonenepa kuliko wenzake, ina miguu 28, imekaa kwenye soketi na mara nyingi imebandikwa kibandiko chenye mistari na namba. Jina lake ni M48T08. Chipu hii ina kazi tatu kwa pamoja. Ni saa ya mashine. Ni daftari dogo la kilobaiti 8 linalotunza mipangilio, kwa mfano mashine isome diski ipi inapowaka. Na ndimo kinamokaa kitambulisho chake: baiti 16 zinazoitwa IDPROM, zenye aina ya mashine, anwani yake ya mtandao na namba yake ya pekee.

Kumbukumbu ya namna hiyo hufutika umeme ukikatika. Ndiyo maana watengenezaji waliweka betri ndogo ya lithiamu juu ya chipu na kuifunika yote kwa plastiki ngumu. Mashine ikizimwa, chipu inanyonya tone la umeme kutoka kwenye betri hiyo na kuendelea kukumbuka. Betri ilikusudiwa kudumu miaka 10 hivi. Ya kwenu ina miaka 30, na imekaa katika joto la pwani. Haikuharibiwa na mtu, imeisha tu.

Betri ikiisha, mashine ikiwashwa inasoma kwenye daftari lile takataka tupu. Baiti ya mwisho ya kitambulisho ni ya uhakiki: hukokotolewa kutokana na zile 15 zilizotangulia. Hesabu isipolingana, ndipo unapoambiwa kwamba yaliyomo kwenye IDPROM si sahihi. Rudi kwenye picha uliyopiga, uangalie mistari ya juu karibu na nembo ya Sun. Nina imani utakuta anwani ya mtandao imeandikwa ff:ff:ff:ff:ff:ff na namba ya mashine ffffffff. Hivyo ndivyo inavyoonekana mashine iliyopoteza kitambulisho.

Na ule wimbo wa Timeout? Mashine hizi zikikuta mipangilio imevurugika hurudi kwenye mipangilio ya kiwandani na kujiweka katika hali ya kujipima. Katika hali hiyo hazitafuti diski, zinaita mtandaoni: “Jamani, anwani yangu ni hii, nani anipe jina na mahali pa kuanzia?” Ofisini kwa mzee huenda palikuwa na mashine kubwa ya kuitikia wito huo. Sebuleni kwenu hakuna wa kuitika, basi inaita, inasubiri, inaita tena. Fundi wa kwanza aliona haifiki kwenye diski, akakata shauri kwamba diski imekufa. Ukweli ni kwamba diski haijaulizwa kitu.

Hata hivyo sitakudanganya kwamba diski ni nzima. Hilo hatulijui bado, na hapa ndipo nataka unisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote. Wengi wakishajua tatizo ni chipu, wanakimbilia kuagiza chipu. Usianze na kazi hiyo. Chipu itapatikana leo au mwakani, lakini diski iliyoharibika hairudi. Kila unapoiwasha mashine, ile diski inazungushwa maelfu ya mara kwa dakika juu ya beringi zenye grisi ya miaka 30, na vichwa vya kusomea vikielea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko chembe ya vumbi. Huenda imebakiwa na mizunguko elfu, huenda imebakiwa na miwili. Kwa hiyo kuanzia sasa usiiwashe tena kwa ajili ya kuonyesha watu.

Nasema hivi kwa uchungu. Miaka iliyopita niliwahi kuletewa mashine ya ukoo huu huu, diski yake ikisoma vizuri kabisa. Nikaiacha iwake usiku kucha ili nione kama pawasaplai inastahimili, nikiwaza kwamba nakala nitachukua asubuhi. Asubuhi nilikuta inagonga tik, tik, tik, na ikawa basi. Mwenye nayo alikuwa mtu mpole, hakunilaumu kwa neno. Tangu siku hiyo sigusi kitu kingine kwenye mashine ya zamani kabla sijatoa nakala ya diski.

Nakala inachukuliwaje? Zima mashine, chomoa waya ukutani, subiri dakika kadhaa, kisha fungua kifuniko. Diski imo ndani ya kishikio chake, inachomoka kwa kuvutwa, na nyuma ina plagi moja pana yenye pini 80. Hii ni SCSI, si aina inayoingia kwenye kompyuta zetu za leo, kwa hiyo utahitaji vitu vitatu: adapta ya kutoka pini 80 kwenda 68 au 50, waya wake wenye termineta (kifaa kidogo cha kufungia mwisho wa waya) mwishoni, na kompyuta ya mezani ya zamani kidogo yenye kadi ya SCSI, kwa mfano Adaptec 2940. Termineta usiidharau. Diski za pini 80 hazina yake ndani, na bila hiyo utapata makosa ya kusoma yanayofanana kabisa na diski mbovu.

Hiyo kompyuta iwashe kwa Linux, siyo Windows. Windows ikiona diski isiyoielewa huuliza kama iianzishe upya, na mtu akibonyeza ndiyo kwa mazoea, mwanzo wa diski unaandikwa juu yake. Ndani ya Linux tumia programu ya ddrescue. Hiyo husoma kwanza sehemu zote nyepesi, ikiandika pembeni wapi imeshindwa, halafu inarudi taratibu kwenye sehemu ngumu. Diski za wakati huo nyingi ni za gigabaiti 1 au 2, kwa hiyo nakala nzima inaenea kwenye flashi ya bei ndogo. Tengeneza tatu. Moja ikae kwa ndugu anayeishi mji mwingine.

Ukishapata hilo faili, diski yenyewe iweke kwenye bahasha kavu na usiisumbue tena. Kazi iliyobaki ifanye kwenye nakala. Linux inaelewa mgawanyo wa diski za Sun na inaweza kuufungua mfumo wake wa mafaili kwa kusoma tu, ukitumia aina ya ufs na chaguo la ufstype=sun pamoja na ro. Hapo utaanza kuona majina ya folda za mzee.

Nikuonye kuhusu ARC/INFO. Ramani moja humo haikai kwenye faili moja. Ni folda yenye mafaili madogo madogo yanayoishia na .adf, na majedwali yake yamo kwenye folda nyingine ya jirani inayoitwa info, ambayo ramani zote za sehemu ile zinaitumia kwa pamoja. Ukichukua folda ya kijiji kimoja ukaiacha info, umechukua mistari ukaacha majina ya wenye mashamba. Nakili sehemu nzima kama ilivyo, usipange upya, usibadili majina. Habari njema ni kwamba ramani za namna hiyo zinafunguka leo kwenye QGIS, programu ya bure. Ukizifungua juu ya picha za setilaiti ukakuta mashamba yote yamesogea takribani mita 300 kuelekea kaskazini au kusini, usidhani mzee alikosea. Ramani nyingi za Afrika Mashariki za enzi hizo zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, wakati picha za leo zinatumia WGS 84. Kwa Tanga chagua ndani ya QGIS Arc 1960, UTM (mfumo wa kugawa ramani kwa kanda) kanda ya 37 kusini, na uone kama mipaka itakaa juu ya mashamba yake.

Huenda safari yenu ikaishia hapo, na si vibaya. Kama anachotamani mama ni ramani, basi mashine inaweza kupumzika. Kuna hata programu ya QEMU inayoigiza SPARCstation 5 ndani ya kompyuta ya kawaida, na mara nyingi nakala ya diski inaweza kuwashwa humo ukaona mezani kwa mzee palivyokuwa. Lakini naelewa pia hamu ya kuisikia mashine yenyewe ikiwaka. Kwa hiyo tuje kwenye chipu.

Kabla hujaigusa, ipige picha. Piga kibandiko chake kwa karibu mpaka namba zisomeke, na piga picha nyingine inayoonyesha kitobo cha upande mmoja kimeelekea wapi. Namba za kibandiko mara nyingi hukupa mwisho wa anwani ya mtandao ya mashine. Kuna sehemu nyingine ya kuitafuta, ambayo watu hawaifikirii: faili la laiseni ya ARC/INFO lililomo ndani ya diski. Laiseni za programu kubwa za Sun zilifungwa kwa namba ya mashine, na faili lenyewe lina mstari unaoanza na SERVER, ukifuatwa na jina la kompyuta na namba hiyo. Ndiyo sababu sipendi mtu abuni namba zake mwenyewe. Mashine itawaka kwa namba yoyote, lakini programu ya mzee itaikataa mashine isiyoijua.

Sasa kuna njia tatu. Ya kwanza ni kutobadilisha kitu, na kuiandikia kitambulisho kwa mkono kila unapoiwasha. Hata chipu yenye betri iliyoisha inakumbuka vizuri maadamu umeme upo. Kwa mtu anayewasha mara mbili kwa mwaka, hiyo inatosha kabisa. Inafaa pia kama kipimo, maana ukiandika na mashine ikatulia, umethibitisha ugonjwa kabla hujatoa hela.

Inaandikwaje? Mashine ikianza kuita mtandao, shika kitufe cha Stop upande wa kushoto wa kibodi, kisha bonyeza A. Itaacha kuita na kukuletea neno ok. (Ikikuletea alama ya > badala yake, andika n kisha Enter.) Tuseme anwani ya mashine yenu ni 08:00:20:7a:31:c4. Zile tatu za mwanzo ndizo za Sun, hazibadiliki, na tatu za mwisho ndizo za mashine yenu. Utaandika hivi, kila mstari ukifuatwa na Enter:

set-defaults
setenv diag-switch? false
1 0 mkp
real-machine-type 1 mkp
8 2 mkp
0 3 mkp
20 4 mkp
7a 5 mkp
31 6 mkp
c4 7 mkp
0 8 mkp
0 9 mkp
0 a mkp
0 b mkp
7a c mkp
31 d mkp
c4 e mkp
0 f 0 do i idprom@ xor loop f mkp

Thamani inatangulia, nafasi yake inafuata. Nafasi ya 2 mpaka 7 ni anwani ya mtandao, 8 mpaka b ni tarehe ya kutengenezwa (sifuri haidhuru), c mpaka e ni namba ya mashine, na mstari wa mwisho ndio unaokokotoa ile baiti ya uhakiki. Kwa kawaida namba ya mashine hufanana na mwisho wa anwani, lakini kama faili la laiseni linaonyesha tofauti, fuata laiseni. Ukimaliza andika banner. Zile ff zikiwa zimetoweka na anwani yako imekaa mahali pake, kitambulisho kimerudi. Andika probe-scsi uone kama diski inatajwa, kisha boot disk. Diski ya ndani ya SPARCstation 5 kwa kawaida ni namba 3, na kisomea CD ni namba 6.

Njia ya pili ni chipu mpya ya M48T08, ndiyo ninayokushauri kama unataka mashine ikae sawa kwa miaka. Chomeka, andika mistari ileile mara moja, basi. Tahadhari ni moja: mtandaoni kuna wauzaji wengi wanaong’oa chipu kwenye mashine zilizokufa, wanazisugua zing’ae na kuziuza kama mpya. Muulize muuzaji tarehe ya kutengenezwa iliyochapwa juu yake. Ikiwa ni ya miaka ya 1990, umenunua betri iliyokwisha kama ya kwako. Na chipu mpya halisi huja na saa ikiwa imesimamishwa ili betri isiliwe dukani, kwa hiyo usishtuke mfumo ukikuambia saa haijawekwa. Weka tarehe, itaanza kwenda.

Wakati wa kuing’oa ya zamani, gusa kwanza chuma cha boksi ili umeme wa mwilini uondoke, kisha inyanyue kwa bisibisi bapa kidogo upande huu, kidogo upande ule, mpaka itoke wima. Ukiinyanyua upande mmoja tu miguu inapinda, na ikipinda mara mbili inakatika. Ya kurudisha hakikisha kitobo kimeelekea ulikokiona kwenye picha. Ikiwekwa kinyume inaungua.

Njia ya tatu ni ya wenye mkono mtulivu: kukata plastiki ya chipu ya zamani, kuifikia miguu ya betri, kuitenga na kulehemu kishikio cha betri ya CR2032, ile ya volti 3 inayouzwa kila duka. Nimeifanya mara nyingi na inafanya kazi vizuri, na betri ikiisha tena unabadilisha kwa dakika moja. Ila betri iko upande mmoja wa chipu, na upande wa pili kuna kioo kidogo kinachoendesha saa. Ukikata upande usio wake, saa imekufa. Kama hujawahi kulehemu kitu chenye miguu myembamba namna hiyo, usijifunzie kwenye chipu ya mzee.

Skrini, mausi na mengine nitayapita haraka. Ile skrini nzito ikiendelea kuonyesha vizuri, iache. Usiifungue nyuma kwa sababu yoyote, maana bomba lake linaweza kutunza maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa. Siku ikifa, mashine bado inatumika bila skrini: chomoa kibodi, unganisha kompyuta nyingine kwenye mlango wa serial A kwa kasi ya 9600, na maneno yote yatakuja huko. Ama mausi, hiyo isiyo na mpira inahitaji bamba lake la chuma linalong’aa lenye vimistari vya miraba, na bila hilo haisogei popote. Ulizeni nyumbani. Nimewahi kwenda kwa familia moja tukalitafuta bamba hilo stoo nzima, kumbe liko mezani, miaka yote linawekewa birika la chai. Lilioshwa kwa maji na sabuni na likafanya kazi siku hiyohiyo.

Kwa kuwa mko Tanga, kuna mambo mawili ya pwani. Hewa ya chumvi hula miguso ya shaba, na RAM iliyolegea kwa kutu nyembamba inaweza kukuletea makosa ya ajabu. Ikitokea, zitoe moja moja, futa miguso kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa spiriti ya kusafishia, acha ikauke, rudisha palepale ilipokuwa. Usitumie msasa, na usijaribu kuweka RAM za kompyuta ya kawaida hata kama zinaonekana sawa kwa urefu. Jambo la pili ni wadudu. Tazama milango ya nyuma kwa tochi. Nyigu hupenda kujenga vyumba vyao vya udongo kwenye matundu kama hayo, na nimeshakuta feni imesimama kwa udongo uliokauka. Utoe kwa kijiti cha mbao na brashi laini ya rangi, ukiwa umeshika feni isizunguke.

Umeme nao. Soma kibandiko cha pawasaplai kabla ya kuchomeka tena, uhakikishe kinakubali volti 230. Weka stabilaiza katikati, na usiwashe siku ambayo taa za nyumba zinapandisha na kushuka. Ukisikia harufu kama ya samaki au ukaona unyevu wa kahawia chini ya pawasaplai, ujue kapasita zimeanza kuvuja. Hapo zima na usiwashe tena. Usiifungue mwenyewe. Ndani yake kuna kapasita kubwa inayoshika volti zaidi ya 300, na inaweza kukupiga hata waya ukiwa haumo ukutani. Hiyo ni kazi ya fundi wa umeme anayebadilisha kapasita kila siku. Mafundi wengi wa redio na televisheni wanaiweza vizuri, hata kama hawajawahi kuisikia Sun.

Mahali pengine pa kusimama na kumtafuta mtu ni kwenye diski. Ikikataa kuzunguka, ikigonga, au ddrescue ikianza kushindwa mfululizo tangu mwanzo, izime palepale. Wapo watakaokuambia uigonge kwa upole, uiweke kwenye friji, au uifungue uangalie. Usifanye hata moja. Diski ya namna hiyo hufunguliwa tu kwenye chumba maalumu kisicho na vumbi, na watu wanaofanya kazi hiyo watakutoza pesa nyingi. Waulize kwanza kama wanashughulika na SCSI na mfumo wa mafaili wa Sun, na uwataje ARC/INFO na folda ya info, ili wakikupa mafaili yasiwe yametenganishwa. Ni gharama ambayo familia itabidi ikae na kuiamua, lakini iamueni mkiwa na diski ambayo haijachokonolewa na mtu.

Na kama hapo Tanga hakuna mwenye kadi ya SCSI, usiharakishe kujaribu kitu kingine. Anzia vyuoni kwenye idara za upimaji ardhi au kompyuta. Kompyuta za zamani za namna hiyo mara nyingi ziko kwenye stoo zao, na wazee waliofanya kazi na mashine hizi bado wapo. Yeyote aliyewahi kukaa mbele ya ARC/INFO miaka ile, ukimtajia folda ya info, ataelewa unazungumza nini bila maelezo. Diski itunze kavu mpaka umpate, na ile picha ya kibandiko cha chipu ipige leo.